Sarakasi ya hemani, kikundi cha mtaani au ngoma ya Bujora: kiingilio kipi kinakufaa Mwanza?

Gari la matangazo limeshapita Buzuruga mara tatu, mabango yamebandikwa mpaka Mkuyuni, na watoto wameshakariri siku na saa. Kazi imebaki kwa mwenye kulipa: sarakasi iliyokuja na hema lake inastahili kiingilio hicho, au fedha ileile ingefanya makubwa zaidi kwingine?

Kwa mtu wa Mwanza njia zinazoshindana kweli ni tatu. Ya kwanza ni hiyo sarakasi ya kuzunguka, inayokaa mjini siku chache, ikasimamisha hema kwenye kiwanja cha wazi kama Furahisha au ikaingia uwanja wa mpira, Kirumba au Nyamagana. Ya pili ni kikundi cha vijana wa hapahapa, wale unaowaona kwenye sherehe, ufukweni mwa hoteli siku ya Jumapili, au Nyamhongolo wakati wa Nane Nane. Ya tatu ni ngoma za Kisukuma kule Bujora, Kisesa.

Ngoma tumeipandisha kwenye mizani moja na sarakasi kwa sababu. Katika bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya majembe, mchezaji anazungusha jembe, analirusha juu ya kichwa, anageuka, analidaka kwa mpini, na mguu wake haujauacha mdundo hata mara moja. Ni ustadi uleule wa kurusha na kudaka unaolipiwa hemani, tena hapa kinachorushwa kina chuma.

Tunalinganisha kwa nini

Mambo matano: dakika za mchezo wenyewe, unachokiona kutoka ulipokaa, gharama tangu unafunga mlango wa nyumba mpaka unaufungua tena, usalama, na umri wa hao unaokwenda nao. Kama kichwani una nafasi ya kipimo kimoja tu, kiwe hiki: chukua fedha yote iliyotoka mfukoni, igawe kwa dakika za mchezo ulizoziona vizuri. Kiingilio kidogo chenye dakika 30 nyuma ya nguzo ni ghali. Kiingilio kikubwa chenye dakika 80 mbele ya macho kinaweza kuwa rahisi.

Dakika za mchezo

Onyesho la hemani hutangazwa kuwa la saa mbili. Likipangwa vizuri huwa na michezo 10 hadi 14, kila mmoja dakika 5 hadi 8. Ufupi huo si uvivu. Mtu anayesimama kwa mkono mmoja juu ya viti, au anayening'inia angani kwa kitambaa, anatumia misuli ambayo ikizidishiwa muda huanza kutetemeka, na hapo ndipo watu huanguka. Michezo 12 ya dakika 6 ni dakika 72. Muda unaobaki ni wa mchekeshaji anayeburudisha watu wakati wavu unafungwa, mapumziko ya dakika 15 hadi 20 ambayo ndiyo saa ya kuuza bisi na soda, na maneno ya mshereheshaji. Mchekeshaji mzuri ni mchezo kamili, mhesabie dakika zake. Muziki unaopigwa huku ulingo ukiwa mtupu usiuhesabu.

Kwa hiyo muuza tiketi usimwulize wanaonyesha nini, maana bango limeshajibu. Mwulize wasanii ni wangapi na michezo ni mingapi. Kundi la watu 8 linalotangaza michezo 14 maana yake kila mmoja anarudi ulingoni mara kadhaa, amebadilisha nguo tu. Kufikia kipindi cha pili utasikia miguu inatua kwa kishindo, samasoti zimepungua kimo, na pete ya juu imeshushwa kidogo kidogo bila kutangazwa. Kundi la watu 20 lina nafasi ya kupumzisha mwili, na michezo yake mizito huwekwa mwishoni. Siku nayo ina uzito: Jumamosi yenye maonyesho matatu, la mwisho linachezwa na miili iliyokwishafanya kazi ya kutwa.

Kikundi cha mtaani kina dakika 20 hadi 40, na karibu zote ni mchezo. Hakuna mapumziko wala wavu wa kufunga. Magodoro mawili, spika moja na vijana sita: samasoti za mfululizo, msamba, mnara wa watu, mmoja akijikunja mpaka kichwa kinachungulia katikati ya vifundo vyake vya miguu, limbo chini ya fito inayowaka, kuruka kupenya kwenye pete. Michezo hii ya pete, viti na minara ina historia kwetu. Miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, waliporudi likaundwa kundi la taifa, na baadaye mafunzo ya sanaa yakawekwa Bagamoyo kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Ustadi huo umesambaa kutoka mkono kwa mkono, na kijana wa Igoma anayeruka pete kwenye mchanga anaweza kuwa na msingi safi kuliko mgeni aliyevaa nguo za kumetameta.

Bujora dakika mnapanga wenyewe. Onyesho la ngoma huagizwa mapema. Ukienda bila taarifa utakuta makumbusho bila wachezaji. Mnakubaliana ngoma zipi na kwa muda gani. Halafu kuna makumbusho yenyewe, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika hapo miaka ya 1950: nyumba iliyojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha ntemi, mtawala wa jadi wa Kisukuma, ngoma za watemi, na vifaa vya vyama vya wachezaji. Hiyo ni saa nzima nyingine.

Na wakati wa Bulabo, mwezi Juni, tamasha la ngoma linaloambatana na sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi, hesabu ya dakika haina maana tena, kwa sababu ngoma zinapigwa kutwa. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vilivyotokana na waganga Ngika na Gumha wa karne ya 19, hushindana. Kwa desturi ya mashindano hayo pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji ndiye hakimu: ngoma ikipoa, anahama kwa miguu yake kwenda upande wa pili. Kila anayefikiria kununua tiketi ya hemani aende na fikra hiyo, kwa sababu hemani ukishakaa umekaa.

Unachokiona kutoka ulipokaa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Ulingo wa sarakasi una kipenyo cha karibu mita 13. Kipimo hicho kimetokana na Philip Astley, mpanda farasi aliyeanza maonyesho yake London mwaka 1768. Farasi akikimbia kwenye duara la ukubwa huo, mzunguko humsaidia mtu aliyesimama mgongoni kushika mizani. Makundi mengi siku hizi hayana farasi, kipimo kimebaki. Maana yake kwako ni kwamba mtu wa mstari wa kwanza yuko mita 8 au 9 kutoka katikati ya ulingo, na mtu wa nyuma kabisa kwenye hema kubwa yuko mita 20 na zaidi.

Kutoka mita 8, mtu anayepanga viti sita na kusimama kwa mikono juu yake unamwona vidole. Vidole ndivyo vinavyofanya kazi: mwili ukielemea mbele, ncha zinakandamiza kiti; ukielemea nyuma, uzito unahamia kwenye kiganja. Mapigo hayo madogo hayakomi, na mishipa ya mikono inaonekana ikipanda na kushuka. Kutoka mita 20 unaona mtu amesimama kichwa chini, basi. Bembea ya angani, vitambaa, mnara wa watu na pete ya moto vinaonekana popote. Kujikunja, kurusha mipira, mazingaombwe na uso wa mchekeshaji ni vya watu wa mbele. Kama bango linasifia zaidi michezo ya juu, tiketi ya kawaida inatosha. Kama linasifia wanaojikunja na mazingaombwe, ya mbele ina thamani yake.

Lakini tahadhari na VIP. Mara nyingi VIP ni viti vya plastiki vilivyopangwa chini kwenye tambarare. Mstari wa kwanza ni mzuri sana. Kuanzia wa tatu, mtoto wa miaka sita anatazama visogo. Bao la kwanza la majukwaa ya mbao au chuma yaliyo nyuma ya viti hivyo liko juu kidogo, na mtoto anaona kila kitu kwa bei ya kawaida. Kwa familia yenye watoto wa miaka 4 hadi 9, sisi tungechagua bao hilo kabla ya VIP ya mstari wa nne, hata bei zingekuwa sawa.

Nguzo kuu za hema mara nyingi ni mbili au nne, na kila moja inaficha kipande cha ulingo. Kaa ambapo nguzo mbili zinaangukia pembeni mwa macho yako. Epuka pia pembe iliyo karibu na pazia la wasanii. Michezo mingi hutazamishwa upande wa mbele, na aliyekaa kando ya pazia anaona migongo. Onyesho la saa 10 jioni lina tatizo lake: jua linapenya turubai, taa za rangi hazifanyi kazi, na moto unaonekana hafifu. Hewa moto hupanda juu, kwa hiyo mabao ya juu mchana ni tanuri. La usiku ni zuri zaidi kwa macho, isipokuwa siku ambazo wale wadudu wadogo wa ziwani wamejaa hewani. Watafuata taa, na taa ziko juu ya wasanii.

Sarakasi ikiwekwa uwanja wa mpira badala ya hemani, punguza matarajio. Jukwaa la watazamaji liko mbali na kilichowekwa katikati ya majani, na kilichotengenezwa kwa mita 13 kinamezwa na uwazi wote ule. Kwa kiingilio kilekile, hema lina thamani kubwa zaidi.

Kikundi cha mtaani unakitazama kutoka mita tatu au nne. Unasikia pumzi zao na maneno wanayopeana kabla ya kurukiana. Kinachokiharibu ni dari. Mtu mzima ana mabega kwenye mita 1.45 hivi. Aliyesimama juu ya mabega hayo anafikisha kichwa chake mita 3.15, na mnara wa ngazi tatu unafika mita 4.6. Kumbi nyingi za mitaani zina dari ya mita 3 na pangaboi katikati, kwa hiyo hata mnara wa ngazi mbili hauingii. Ukiwaalika kwenye sherehe, wape uwanja wa nje wenye angalau mita 6 kwa 6, ardhi iliyofagiliwa mawe na vizibo vya soda. Mara nyingi onyesho lililoonekana dhaifu ni ukumbi ulikuwa mfupi, vijana wakaacha nusu ya michezo yao.

Bujora unasimama au kukaa kuuzunguka uwanja, karibu, bila nguzo. Shida ni jua. Omba onyesho lianze saa 10 jioni.

Gharama ya nyumbani hadi nyumbani

Tufanye mfano, bei ni za kufikirika, weka zako. Baba, mama, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 4, wanatoka Buhongwa kwenda Furahisha. Kiingilio ni 15,000 kwa mkubwa na 8,000 kwa mtoto: jumla 46,000. Daladala kwenda, watu watatu kwa 600, mdogo anapakatwa: 1,800. Kurudi usiku na mtoto amelala begani, bajaji: 10,000. Soda nne kwa bei ya ndani ya hema, 6,000. Bisi, 4,000. Vile vitaa vya plastiki vinavyozunguka, ambavyo huletwa mbele ya watoto wakati wa mapumziko, viwili kwa 3,000: 6,000. Jumla ni 73,800. Kiingilio ni 46,000 tu kati ya hizo. Fedha nyingine 27,800 zimetoka bila kutajwa kwenye bango lolote.

Onyesho likiwa na dakika 72 za mchezo, familia hiyo imelipa kama 1,025 kwa dakika. Wakila nyumbani, wakabeba maji kama getini wanaruhusu, na wakawaambia watoto mapema kwamba vitaa havinunuliwi, jumla inashuka hadi 57,800, yaani kama 800 kwa dakika. Tofauti hiyo imepatikana bila kugusa kiingilio. Uliza pia umri wa kuingia bure. Makundi mengine huwasamehe walio chini ya miaka mitatu wanaopakatwa, mengine hupima kwa urefu kwenye fito ya getini.

Kikundi cha mtaani mara nyingi hakina kiingilio. Chombo kinapita na watu wanatunza. Kwa familia hiyohiyo, kutunza 5,000 na nauli ya daladala ni chini ya 10,000 kwa nusu saa. Kuwaalika nyumbani ni hesabu nyingine: mnakubaliana bei ya kikundi, nauli yao na vifaa, nusu inalipwa kabla na nusu baada ya mchezo. Andika kwenye karatasi dakika na idadi ya wachezaji. Mara nyingi ugomvi hutokea kwa sababu mwenye sherehe alitarajia saa nzima na kikundi kilipanga nusu saa.

Bujora inategemea mnakwenda wangapi. Kiingilio cha makumbusho ni cha kila mtu, lakini ngoma hulipwa kama onyesho moja. Tuseme mmekubaliana 150,000. Familia moja ya watu wanne inabeba 37,500 kwa kila mtu, na hapo hema limeshinda. Familia tano, watu 20, kila mtu 7,500, na hapo hema limeshindwa. Nauli si kubwa: daladala za Kisesa zinafuata barabara ya Musoma, chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, halafu bodaboda hadi Bujora. Jumuiya, darasa la shule, kikundi cha akina mama, watu wa ukoo waliokuja msiba ukaisha salama: hao ndio wanaopata Bujora kwa bei nzuri.

Usalama

Jambo hili halina mzaha, hasa hemani. Tarehe 6 Julai 1944, mji wa Hartford, Marekani, hema la sarakasi lililopakwa nta iliyochanganywa na petroli ili lisivuje liliwaka moto, na watu zaidi ya 160 walikufa. Baadhi ya njia za kutokea zilikuwa zimezibwa na vizimba vya kupitishia wanyama. Mahema ya siku hizi hutengenezwa kwa turubai lisiloshika moto haraka, lakini njia zilizozibwa bado zipo, leo zikizibwa na meza ya soda au pikipiki ya mtu.

Mwanza ina shida yake ya pekee: mawe. Hema hushikiliwa na vigingi virefu vya chuma, na mahali ambapo udongo ni wa sentimita chache juu ya mwamba, kigingi hakizami. Kundi makini huongeza uzito. Pipa la lita 200 likijaa maji ni kilo 200, tangi la lita 1,000 ni tani moja. Zunguka hema kabla ya kuingia. Ukiona vigingi vimeingia nusu na kulala, kamba zimelegea, na hakuna uzito wowote, ahirisha. Upepo wa mvua ya radi kutoka ziwani haukupi muda mrefu, na wakati wa masika na vuli hauna ratiba. Turubai likianza kupigapiga na taa zikayumba, toka na watoto bila kusubiri tangazo.

Mengine ya kutazama ndani ya dakika mbili: milango ya kutokea angalau miwili, pande tofauti, na iko wazi, mitungi ya kuzimia moto inaonekana, jenereta liko nje, mafuta mbali nalo, nyaya hazipiti kwenye maji au chini ya miguu ya watu. Kwenye bembea ya angani kuwe na wavu au mkanda wa kiunoni. Kwenye mchezo wa moto kuwe na ndoo ya mchanga au blanketi lililolowa, na mtu aliyelishika, si lililotupwa kona. Namba ya Zimamoto ni 114.

Kwa kikundi cha mtaani hatari iko zaidi kwa wachezaji wenyewe: godoro jembamba, sakafu ya saruji, na mafuta ya taa yanayopulizwa mdomoni. Mtazamaji akae mita tatu na zaidi kutoka kwenye moto, upande ambao upepo unatokea. Usiwashangilie wampandishe mtoto ngazi ya tatu juu ya saruji. Bujora, Bayeye, chama cha wachezaji wa nyoka, wakicheza na chatu, wamezoea kazi hiyo tangu kwa mababu. Baki ulipoonyeshwa, na usimsukume mtoto akapige picha kama anarudi nyuma.

Nani anakwenda

Mtoto wa chini ya miaka minne hachukui saa mbili. Ataogopa mlio wa spika, atalala kabla ya mapumziko, na utatazama nusu ya pili umembeba. Kwake nusu saa ya mtaani ni saizi yake. Wa miaka 6 hadi 12 ndio wenye hema. Umri huo unaamini anachokiona na unakumbuka. Vijana wa sekondari hupenda kuona mtu wa umri wao akifanya jambo gumu kwa karibu, kwa hiyo kikundi cha mtaani huwagusa zaidi, na baadhi huuliza jioni hiyohiyo wanafanyia wapi mazoezi.

Wazee: mabao ya hemani hayana egemeo, na saa mbili ni nyingi kwa mgongo. Mchukulie kiti cha plastiki cha pembeni, karibu na mlango. Bujora humfurahisha mzee kuliko sote, hasa Msukuma anayejua nyimbo. Wigashe, ngoma inayochezwa watu wameketi, inaweza kumpata akiitikia kabla mwongozaji hajaeleza ni nini.

Na anayetaka wanyama? Mabango mengine huchora simba na tembo ambao hawamo kwenye gari lolote la kundi. Wakiwemo, tatizo ni kubwa zaidi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mnyama wa porini anayezungushwa kwenye kizimba mji hadi mji hapati maisha yanayomstahili. Fedha hiyo ipeleke Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti kutoka Capri Point ni dakika chache, na mtoto ataona swala pala, pimbi na mijusi ya rangi juu ya mawe, wakifanya mambo yao wenyewe.

Kabla ya kulipa

Lipia dirishani au kwa namba ya malipo inayoleta jina la biashara. Ukiletewa jina la mtu binafsi, uliza kwanza. Tiketi ya mkononi nje ya geti, hata ikipunguzwa nusu, iache. Maonyesho yanahitaji kibali, na afisa utamaduni wa halmashauri anajua kundi gani limepewa: Furahisha na Kirumba ni Manispaa ya Ilemela, Nyamagana ni Jiji. Uliza pia mvua ikivunja onyesho kabla ya mapumziko mnarudishiwa fedha au mnapewa siku nyingine, na kipande cha tiketi kitunze mpaka ufike nyumbani.

Kama hujaamini, usinunue ya siku ya kwanza. Kesho yake asubuhi mwulize dereva wa bajaji aliyebeba watu usiku. Amewasikia wakizungumza njia nzima.

Kwa hali yako

Una watoto wa miaka 6 hadi 12, kundi lina wasanii wengi, na hema limefungwa vizuri: nenda hemani, siku yenye onyesho moja, bao la kwanza la majukwaa.

Una watoto wadogo sana, au bajeti ya mwezi imebana: subiri kikundi cha mtaani, na watunze vizuri. Kwa vijana wale hiyo ndiyo fedha inayowafikia yote.

Mko 15 au zaidi, au una wageni kutoka mbali, au mzee nyumbani: Bujora, kwa kuagiza wiki moja au mbili kabla. Kama ni Mei na mnaweza kusubiri, subirini Bulabo.

Una sherehe ya mtoto na uwanja wa nje: alika kikundi. Una ukumbi wa dari fupi: waombe wanaojikunja, wanaorusha mipira na wa mazingaombwe, uache minara.

Bango linasifia michezo ya angani, uko peke yako au wawili, na umri wenu si wa kuuza sura: tiketi ya kawaida kabisa, juu, usiku.

Onyesho liko uwanja wa mpira, msimu wa mvua, na muuza tiketi hajui wasanii ni wangapi: baki nyumbani.

Na kama tiketi umeshanunua, fika dakika 40 kabla. Dakika 10 za kwanza zunguka hema utazame vigingi na milango, zinazobaki zitumie kuchagua mahali ambapo nguzo haipo mbele ya mtoto.